Kompyuta inajizima kila mara na unaishuku diski: soma hapa kabla hujapiga Windows upya

Kama kompyuta yako imejizima mara mbili wiki hii, au imeganda mpaka ukaizima kwa kubana kitufe, na ndani yake mna kitu ambacho huna kwingine, acha kusoma kwanza. Chomeka flashi au diski ya nje, nakili kitu hicho, kisha rudi hapa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu karibu kila mtu hufanya kinyume. Anaanza kutafuta ugonjwa, anaendesha programu za kupima, anapiga Windows upya, na data anaikumbuka siku ambayo diski imekataa kuonekana kabisa. Diski inayokufa ina saa chache za kazi zilizobaki, hakuna anayejua ni ngapi, na kila kipimo kinakula saa hizo hizo.

Hapa Tanga malalamiko yanayofika kwenye meza yangu ni yale yale: inajizima, inaleta skrini ya bluu, inastaki, haiwaki, inalia tik-tik. Nimeyapanga hivyo hivyo wanavyoyasema wenye mashine. Chini ya kila dalili naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi na kushuka hadi ile ya nadra. Utaona kwamba mara nyingi diski haina kosa.

Kabla hujagusa kitu, andika

Andika saa iliyozima, ilikuwa ikifanya nini, na nini kilibadilika siku za karibuni: apdeti, programu mpya, ramu mpya, kuanguka, kumwagikiwa na maji, umeme kukatika. "Inazima nikifungua video" na "inazima hata nikiiacha peke yake" ni magonjwa mawili tofauti. Ikileta ujumbe, upige picha kwa simu. Usiutegemee ubongo kukumbuka maneno ya Kiingereza yaliyokaa sekunde kumi.

Windows nayo ina shajara yake. Bonyeza kitufe cha Windows, andika "reliability", ufungue View reliability history. Siku zenye matatizo zina alama nyekundu, na mara nyingi utaona alama hizo zimeanza siku moja baada ya kitu fulani kuingizwa. Kwa undani zaidi fungua Event Viewer, kisha Windows Logs, kisha System. Watu wengi wakifika hapo hukutana na Kernel-Power 41 wakashtuka. Namba hiyo haikwambii sababu, inasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Namba za kutafuta ni hizi: 7 (kizuizi kibovu kwenye diski), 51 (kosa wakati Windows ikihamisha data kati ya ramu na diski), 153 (ombi kwa diski limelazimika kurudiwa), 129 (kidhibiti kimelazimika kuianzisha upya diski), na 55 ya Ntfs (mpangilio wa faili umeharibika). Angalia pia ujumbe unaitaja diski ipi. Harddisk0 kwa kawaida ni ya ndani, lakini Harddisk1 inaweza kuwa ile flashi uliyoichomoa bila kuaga. Hakikisha kwenye Disk Management kabla hujaihukumu diski isiyo na hatia.

Inajizima ghafla, kama mtu kang'oa waya

Hakuna ujumbe wala bluu. Skrini inakuwa nyeusi, feni inanyamaza. Hapa diski ndiyo ya mwisho kushukiwa, kwa sababu diski ikiugua kompyuta huganda au hulalamika, haikatiki kama taa.

Kwenye laptopu, anza na joto. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Kama ubavu unachoma lakini hewa inayotoka ni hafifu, vumbi limeziba mapezi yaliyo mbele ya feni. Nimewahi kutoa humo vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi. Itoe kwanza juu ya godoro au mto, iweke mezani, uone kama muda wa kuzima unarefuka. Ukirefuka, umeshapata jibu. Programu ya HWiNFO itakuonyesha nyuzi. Prosesa ya laptopu kufika 90 kwenye kazi nzito si ajabu, lakini ikigonga 100 na mashine ikakatika, isafishwe. Ukipuliza vumbi, izuie feni kwa kijiti isizunguke kwa kasi ya upepo. Ikiwa bado inachemka baada ya kusafishwa, pesti iliyo juu ya prosesa imekauka na inahitaji kubadilishwa.

Sababu ya pili ni umeme wenyewe. Laptopu inayozima huku betri ikionyesha asilimia 40 ina betri iliyochoka. Fungua Command Prompt, andika `powercfg /batteryreport`, ulinganishe ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Chaja isiyo yake, yenye wati pungufu, huleta tatizo lile lile mashine ikifanya kazi nzito. Kwenye kompyuta ya mezani mshukiwa ni pawa saplai, au umeme wa nyumba. Ikizima kila friji inapoanza kunguruma au taa zinapofifia jioni, ijaribu kwenye soketi nyingine, kisha kwenye UPS, kabla hujanunua kifaa chochote cha ndani. Madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) za zamani nazo hupata kapasita zilizotuna vichwa. Ukiziona, kazi hiyo ni ya mwenye pasi ya kuchomelea.

Acha mara moja kama betri imevimba. Dalili yake ni padi ya kipanya kuinuka au kifuniko cha chini kuachia. Usiichaji, usiitoboe, usiibane irudi mahali pake. Na pawa saplai usiifungue hata kama umeichomoa ukutani, maana kapasita zake hubaki na umeme wa kuweza kukuumiza.

Inaleta skrini ya bluu

Ni ile skrini ya kosa inayojaza kioo Windows inapoanguka. Kwenye Windows 11 zilizosasishwa tangu 2025 skrini hiyo ni nyeusi, lakini maneno ni yale yale, na maneno ndiyo tunayoyataka. Soma neno la herufi kubwa lenye mistari ya chini.

KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR ndilo la kuogopa kwa mwenye shaka na diski. Maana yake Windows ilikwenda kwenye diski kuchukua data iliyoihitaji, ikarudi mikono mitupu. Tazama diski na kebo yake kabla ya kitu kingine, kisha ramu. UNEXPECTED_STORE_EXCEPTION, NTFS_FILE_SYSTEM na CRITICAL_PROCESS_DIED nazo mara nyingi huelekea upande huo huo. MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA na IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL huelekea kwenye ramu au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) mbovu. VIDEO_TDR_FAILURE ni upande wa kadi ya picha na draiva yake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni kifaa chenyewe kinacholia: prosesa, joto, volti. Na kama kila mara linakuja neno jipya, leo hili kesho lile, mimi huanza na ramu bila kusita.

Ramu ina tiba rahisi ambayo wengi wanairuka. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bana kitufe cha kuwashia sekunde kumi. Toa ramu, futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa unga wote, uirudishe mpaka vishikizo vilie. Kwetu pwani hewa ya chumvi hula meno hayo taratibu, na mashine kadhaa nimezirudishia uhai kwa kifutio peke yake. Kama bado, jaribu kijiti kimoja kimoja, kisha iache MemTest86 ifanye kazi usiku kucha. Toleo la bure hufanya mizunguko minne. Hata kosa moja ni ubovu, usijifariji kwamba ni moja tu.

Usisahau kwamba bluu inaweza kutoka kwenye programu huku vifaa vyote vikiwa vizima. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja la apdeti ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows dunia nzima, takribani milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, na nyingi zikawa zinawaka na kuanguka bila kikomo. Diski zilikuwa nzima, ramu zilikuwa nzima. Tiba ilikuwa kuingia kwenye hali salama (Safe Mode) na kulifuta faili hilo. Ndiyo maana nakuuliza kwanza nini kilibadilika. Kama bluu ilianza baada ya apdeti au draiva, ingia Safe Mode uiondoe hiyo kwanza. Na kama una kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 13 au 14, sasisha bayosi yake (programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows). Intel ilikiri mwaka 2024 kwamba baadhi zilikuwa zikipokea volti kubwa kupita kiasi, ikatoa marekebisho.

Amri za kurekebisha faili za Windows, yaani `sfc /scannow` na `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` ni nzuri, lakini ziendeshe baada ya kuhakikisha diski ni nzima. Zote mbili huandika kwenye diski.

Inastaki: inaganda, inaachia, inaganda tena

Hapa ndipo diski inapostahili kushukiwa. Bado sababu inayoongoza si ubovu. Ni diski ya kuzunguka iliyobebeshwa Windows 10 au 11 na ramu ya GB 4. Mashine ya namna hiyo itaonyesha diski asilimia 100 kila asubuhi, na haina ugonjwa, imelemewa tu. Kutofautisha fungua Task Manager, kichupo cha Performance, bonyeza diski, utazame namba mbili kwa pamoja: kasi ya kusoma na muda wa kujibu. Asilimia 100 huku ikisoma MB 60 kwa sekunde ni mtu anayefanya kazi kweli. Asilimia 100 huku kasi ni sifuri na muda wa kujibu ni milisekunde elfu tatu ni mtu aliyesimama katikati ya ngazi akitafuta pumzi.

Ukiona hilo la pili, isome SMART, yaani kumbukumbu ambayo diski yenyewe huiandika kuhusu afya yake. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo. Kwenye Linux ni `sudo smartctl -a /dev/sda`. Usiridhike na neno Good lililo juu. Shuka kwenye mistari. Na kwanza ibadilishe CrystalDiskInfo ionyeshe namba za kawaida (Function, Advanced Feature, Raw Values, 10 [DEC]), kwa sababu yenyewe huzionyesha kwa hesabu ya kumi na sita, na mtu akiona 10 hajui kwamba ni 16.

Mistari minne ndiyo ninayoisoma kwanza. 05 ni sekta ambazo diski imezistaafisha na kuweka za akiba. C5 ni sekta zilizogoma kusomeka na bado zinasubiri uamuzi. C6 ni zilizoshindikana kabisa. C7 ni makosa ya njiani, kati ya diski na madabodi. Tatu za kwanza zikiwa sifuri, vizuri. 05 ikiwa na namba ndogo isiyosogea kwa miezi, diski inaweza kuendelea, ila usiiwekee kitu cha pekee. C5 ikiwa zaidi ya sifuri na inapanda, iandalie diski ya kuirithi leo.

C7 ina kisa chake. Mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi alinijia na kompyuta ya mezani kwenye bajaji, kaifunga kwa khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii nimepigiwa Windows mara tatu tangu mwaka uanze. Inakaa wiki mbili, inarudia. Sasa nimeambiwa ninunue diski."

Nikafungua SMART. 05 sifuri, C5 sifuri, C6 sifuri. C7 ilikuwa 1,912. Nikanakili folda ya picha za pasipoti za wateja wake, nikasoma tena: 1,926. Makosa kumi na manne kwa folda moja. Nikafungua ubavu, nikaikuta kebo ya SATA, ile inayounganisha diski na madabodi, imekunjwa kona kali nyuma ya kasha la diski, na kishikizo chake kimevunjika, imekaa kwa kuegemea. Nikaweka kebo mpya kwenye tundu jingine la madabodi, nikanakili folda ile ile mara tano. 1,926. Namba ya C7 haishuki hata ukitibu, kwa hiyo usitazame ukubwa wake, tazama kama bado inapanda.

Mama akakaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo zile Windows tatu zilikuwa za nini, mwanangu?" Alikuwa amepoteza barua na fomu za wateja wa miaka mitatu katika kufomatiwa kule. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo utaratibu wa kustaki ni huu: tazama muda wa kujibu, soma SMART, badilisha kebo au tundu, soma SMART tena. Kwenye laptopu nyingi hakuna kebo ya kubadilisha, lakini diski ya SATA au ya M.2 inaweza kuwa imelegea baada ya kuanguka. Ichomoe, ichomeke, kaza skrubu yake. Kama diski ni SSD, yaani isiyo na sahani inayozunguka, tazama pia nafasi. SSD iliyojaa hadi ukingoni hupunguza kasi sana, na kufuta GB chache tu huibadilisha.

Tahadhari moja kuhusu SMART: ikisema mbaya, iamini. Ikisema nzuri, usilale. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona kwenye diski zao zaidi ya 100,000. Zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha kosa lolote kwenye SMART ukiacha joto. Lakini zile zilizoonyesha kosa la kwanza la kusoma zilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko zisizo na kosa hilo. Ndiyo sababu sisubiri kosa la pili.

Haiwaki: inasema hakuna diski ya kuwashia

Chomoa kwanza kila flashi na kadi iliyochomekwa. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Kisha ingia bayosi uone kama diski inaonekana kwa jina na ukubwa wake kamili.

Ikionekana vizuri lakini haiwaki, tazama mpangilio wa kuwashia. Kwenye mashine za miaka mingi, betri ndogo ya CR2032 ya madabodi ikiisha, bayosi husahau mipangilio: saa inarudi nyuma, na hali ya UEFI (namna ya kuwasha) au AHCI (namna ya kuzungumza na diski) inabadilika yenyewe. Windows iliyowekwa kwa hali moja haitawaka kwa nyingine, na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE mara nyingi huja kwa njia hiyo. Betri hiyo ni ya bei ndogo, ibadilishe, urudishe mpangilio wa mwanzo.

Ikionekana leo, kesho haionekani, kisha inarudi ukiiacha ipoe, hiyo ni kebo, muunganisho, au diski inayoaga. Usiendelee kuiwasha na kuizima kuijaribu. Siku itakayoonekana, itumie siku hiyo kunakili.

Kabla hujagusa bayosi au kuihamisha diski kwenye mashine nyingine, jiulize kama imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data yote ya diski. Laptopu nyingi za Windows 11 hufungwa zenyewe mara mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na yeye hajui. Itakudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Utafute na uuandike kwenye karatasi mapema. Bila ufunguo huo hata fundi bora hawezi kukusaidia, hata diski ikiwa nzima.

Inatoa sauti

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kazi yako hapa ni moja: zima. Diski ya kuzunguka inayogonga tik-tik kwa mapigo sawa, inayokwaruza, au inayolia kama filimbi ndogo bila kuzunguka, ina ubovu wa vichwa au mota. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache. Kikigusa, kinakwangua ile ile tabaka iliyobeba faili zako, na kila sekunde ya umeme inaongeza mikwaruzo.

Usiifungue kutazama. Usiigonge. Usiiweke kwenye friza, hata kama uliwahi kuona mtu akisema ilimsaidia. Hewa yetu yenye unyevu itaacha umande juu ya sahani pindi uitoapo. Jambo pekee la kujaribu ni hili: kama ni diski ya nje ya USB inayolia kidogo kidogo bila kuzunguka, badilisha waya na uichomeke nyuma ya kompyuta ya mezani badala ya kwenye hub (kigawanyio cha matundu ya USB). Tundu lenye umeme hafifu huleta sauti hiyo. Ijaribu mara moja tu.

SSD: inakufa bila kuaga

SSD haina sauti. Inaweza kufanya kazi vizuri saa nne na isionekane saa tano. Kwenye SMART ya NVMe (aina ya SSD ya kisasa yenye kasi zaidi) tazama Percentage Used, Available Spare, na Media and Data Integrity Errors. Hiyo ya mwisho inapaswa kuwa sifuri. SSD nyingine hujifunga zisiandikike: unafuta faili, ukiwasha tena limerudi. Huo ni muda wa bahati uliopewa kunakili. Nyingine hubadilisha jina kwenye bayosi, kama SATAFIRM S11, ikimaanisha kidhibiti chake kimepoteza programu yake ya ndani. Hapo usiiandikie kitu.

Faili zilizofutwa kwenye SSD ni vigumu kurudi, maana amri ya TRIM huziruhusu seli zao zisafishwe muda mfupi baadaye. Ukifuta kimakosa, zima mara moja.

Na zipo SSD na flashi za uongo mitaani, zilizoandikwa terabaiti 2 juu huku ndani mna GB 64. Zinapokea kila kitu, kisha data ya mwanzo inaandikwa juu yake. Ukinunua mpya, ipime kwa programu ya H2testw kabla hujaiwekea chochote. Ni saa nyingi za kungoja lakini zifanye, hasa kama ndiyo unayoihamishia data ya diski mgonjwa.

Kunakili kutoka kwenye diski mgonjwa

Usiwashe Windows kutoka kwenye diski hiyo hiyo. Windows inayowaka huandika muda wote: shajara, apdeti, faili za muda. Itoe, ichomeke kwa adapta ya SATA kwenda USB kwenye mashine nyingine, au uiwashe mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi. Anza na vidogo visivyo na mbadala: hati, hesabu, picha za familia. Filamu ziache. Ikiwa kunakili kunaganda kwenye faili moja, usiikodolee macho dakika ishirini. Sitisha, ruka, chukua nyingine.

Zikigoma nyingi, acha kunakili faili na uchukue picha ya diski nzima kwa GNU ddrescue, ukiitunza kwenye diski kubwa zaidi isiyo ya FAT32, kwa kuwa FAT32 haibebi faili la zaidi ya GB 4:

`sudo ddrescue -n /dev/sdb /mnt/nje/picha.img /mnt/nje/picha.map`

Inachukua kwanza maeneo mazima, inaruka mabovu, na faili la map hukumbuka ilipofika, hivyo umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Baadaye unarudi kwa yale mabovu ukiweka `-d -r3` mahali pa `-n`. Kabla ya kubonyeza Enter endesha `lsblk` na usome mara mbili ipi ni ipi. Mwenye kugeuza mahali pa mgonjwa na mpokeaji ataifuta kazi yote kwa mkono wake. Kama mkono unatetemeka, mwite mtu akusomee.

Kuhusu `chkdsk /r`, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, nakuomba usiiendeshe kwenye diski usiyoichukulia nakala. Kijana mmoja wa chuo alikuwa na laptopu yenye C5 ya arobaini na kitu. Inastaki, lakini faili zilikuwa zikifunguka. Akaelekezwa kwa simu aiendeshe amri hiyo, akaiacha usiku. Asubuhi ilikuwa asilimia 11, diski inagonga. Ilipofika kwangu bayosi iliona jina bila ukubwa. "Kaka, jana usiku nilikuwa naisoma kazi yangu," akaniambia, "nilikuwa naisoma humu humu." Amri ile husoma kila sekta, hurudia zile mbovu mara nyingi, na huandika upya mpangilio wa faili juu ya chuma kinachokufa. Imeundwa kuweka mpangilio sawa, haikuundwa kuokoa data.

Pa kusimama na kumpelekea mtaalamu

Diski inatoa sauti, haionyeshi ukubwa wake, imemwagikiwa maji, au ddrescue inasonga kwa kilobaiti chache kwa saa nyingi: hapo ukiendelea unapunguza kitakachopatikana. Vivyo hivyo kama ndani mna hesabu za ofisi au kitu cha mtu mwingine ulichokabidhiwa.

Unapompelekea, mweleze ulichokifanya chote, hata kile unachokionea haya. Muulize kama huchukua picha ya diski kabla ya kuigusa, kama ana vifaa vya kuzungumza na diski moja kwa moja kama PC-3000, na kama vichwa vikihitaji kubadilishwa atafungulia wapi. Anayekujibu kwamba ataifungua hapo hapo kwenye kaunta huku feni ya dari inazunguka, chukua diski yako uondoke. Anayekuambia "tufomati kwanza tuone" naye mshukuru, uondoke. Kubalianeni bei ya kuangalia na bei ya kufanikiwa kabla hajaanza, na uandike namba ya utambulisho ya diski (serial number) iliyo kwenye lebo, ili unaporudi kuichukua ujue unapewa ile ile uliyoiacha.